Mtoto si udongo: Somo la mwethya wa Machakos

Katika mikutano ya wazazi shuleni hakuna methali inayosikika mara nyingi kuliko ile ya samaki mkunje angali mbichi. Ikikosa kutajwa hiyo, basi hutajwa ndugu yake, udongo uwahi ungali maji. Mgeni wa heshima huitamka, mwalimu mkuu huirudia, na wazazi hutikisa vichwa kukubali. Wahenga waliotuachia methali hizi walikuwa na hekima yao, nami sina nia ya kuwavunjia heshima. Ninachohofia ni kwamba sisi warithi wao tumezitumia vibaya. Tumezigeuza kuwa hoja kwamba mtoto ni kitu kisicho na nia wala mkono, kinachongoja tu kukunjwa na kufinyangwa na wakubwa mpaka kipate umbo tunalolitaka.

Nataka kudai katika makala haya kwamba mtoto hawi mwanajamii kwa kuambiwa wala kwa kukunjwa. Huwa mwanajamii anapopewa nafasi katika kazi ya wenzake, nafasi ambayo akiiacha wazi pengo lake litaonekana na litaulizwa. Ushahidi wangu sitautoa mbali. Nitautoa katika milima na mabonde ya Machakos, eneo ambalo limeupa ulimwengu mfano mwema wa jambo hili, na ambalo pia lilibeba msiba mmojawapo mkubwa kabisa kuwahi kuzikumba shule zetu.

Swali la namna mtu anavyokuwa mtu miongoni mwa watu limewashughulisha wanazuoni kwa muda mrefu. Émile Durkheim, Mfaransa ambaye maandishi yake kuhusu elimu na jamii yalichapishwa 1922, miaka 5 baada ya kifo chake, aliiona elimu kuwa ni kazi ambayo watu wazima huwafanyia wale ambao bado hawajakomaa kuingia katika maisha ya jamii. Fikra hiyo ina uzito wake, lakini tazama jinsi ilivyompanga mtoto: mtu mzima ndiye mtendaji, naye mtoto ni mtendewa. Mwenzetu John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui 1931, aliliangalia jambo hili kwa jicho la Kiafrika katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika. Kwake yeye kuzaliwa hakutoshi. Mtu huingizwa katika jamii hatua kwa hatua, na hatua hizo huzipiga yeye mwenyewe, watu wakimshuhudia.

Ngazi za zamani

Wakamba wa kale walizijua hatua hizo vyema. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi miongoni mwao mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchapisha kitabu kinene juu yao 1920, aliandika kwa kirefu habari za jando lao, nzaiko. Nzaiko ya kwanza, ile ndogo, ilikuwa ya kutahiriwa. Nzaiko ya pili, ile kubwa, ilikuwa ni shule hasa. Vijana walikaa kwa siku kadhaa mbali na nyumba za wazazi wao, wakafundishwa adabu na wajibu, wakapewa mafumbo yaliyochongwa kwa michoro juu ya vijiti ili wayafumbue. Ilifika siku ambapo walikabiliwa na "kifaru" aliyeundwa kwa miti na matawi, mwenye kutoa ngurumo ya kutisha, nao wakatakiwa wasimame imara mbele yake.

Baada ya hapo mwanamume aliendelea kupanda. Alikuwa mwanake, kijana wa ngoma na wa vita. Akaoa na kupata watoto akawa nthele. Kisha akaingia katika daraja la atumia, wazee waliokaa barazani kuamua mambo ya utui, yaani kijiji na ujirani wake. Kila daraja lilikuwa na ada yake, na ada hiyo ililipwa kwa mbuzi au kwa fahali. Kwa hiyo heshima haikuja kwa kungoja mvi. Mtu aliigharimia, akaitumikia, na wenzake wakaikubali.

Sitaki msomaji adhani kwamba naililia jana yote. Katika nzaiko ile ndogo wasichana nao walikatwa, na hilo ni dhuluma ambayo sheria ya Kenya ya 2011 iliipiga marufuku kabisa. Wala mlango wa baraza la wazee haukufunguliwa kwa wanawake kama ulivyofunguliwa kwa wanaume. Hayo yamepita na yasirudi. Lakini mwenye busara akibomoa nyumba kuukuu hutazama kwanza boriti zipi bado ni nzima. Boriti moja nzima katika nyumba ile ilikuwa hii: kijana alijua yuko kwenye ngazi ipi, alijua anatakiwa afanye nini ili apande, na alijua watu wanamngoja juu.

Jembe moja, mafunzo mawili

Boriti ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja. Mtu mwenye shamba la kulima, nyumba ya kujenga au mavuno ya kuondoa huwaita majirani. Wao huja na majembe yao, naye huwaandalia chakula. Hakuna mshahara. Kuna deni tu, deni lisiloandikwa, kwamba nawe siku ukiitwa utakwenda. Mtoto aliyefuatana na mama yake kwenye mwethya hakuketi kivulini kusikiliza hotuba juu ya umoja. Alichota maji, alipeleka mbegu, alichunga wadogo zake. Alipopata nguvu alipewa jembe na kipande chake cha kulima. Aliona kwa macho yake ni nani afikaye mapema na ni nani ajaye wakati chakula kimeiva. Alisikia nyimbo zinazomsifu mchapakazi na kumchoma mvivu. Alijifunza kwamba jina la mtu hujengwa na mikono yake, na kwamba jina hilo likiharibika mama yake naye huinamisha uso.

Sasa tuitazame historia, kwa sababu Machakos ilipata kufundishwa kazi hiyohiyo kwa njia mbili tofauti, na matokeo yakatofautiana kama usiku na mchana.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechoka. Wakoloni walikuwa wametwaa maeneo mapana ya malisho, watu na mifugo wakabanana katika hifadhi, na mvua kila iliponyesha iliondoka na udongo. Colin Maher, ofisa wa serikali wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti 1937 akiitabiria nchi ya Ukamba umaskini na ukame wa mawe na mchanga. Serikali ikaamua kuwatibu Wakamba kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wao walikamatwa na kuuzwa ili idadi ipungue.

Jinsi watu walivyojibu ni somo la uraia ambalo kila mwanafunzi wa Kenya anastahili kulijua. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu na Chama cha Wakamba, mnamo Julai 1938 maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Hawakuchoma duka wala hawakumwaga damu. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeuacha mpango wake wa kupunguza mifugo kwa nguvu. Umati ule ungewezaje kukaa mjini muda wote huo kwa utaratibu, wakala, wakalala, wakangoja, kama si watu waliokuwa wamezoea kufanya jambo kwa pamoja? Walioandamana walikuwa wanafunzi wa mwethya.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ilirudi na amri nyingine: matuta. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wakisimamiwa na machifu, na asiyefika aliadhibiwa. Matuta yalichimbwa, naam, lakini mengi yalikuwa hafifu na wenyewe hawakuyatunza. Mtu haoni fahari ya tuta alilolichimba kwa kuogopa faini. Mapema katika miaka ya 1950 wasimamizi walibadili mwendo. Wakawaacha watu wajipange wenyewe katika vikundi vya mwethya, wajichagulie viongozi wao, na waamue wataanza na shamba la nani. Hapo kazi ikapata roho. Baada ya uhuru ilififia kwa kitambo, kwa kuwa ilikuwa bado inanuka ukoloni, lakini katika miaka ya 1970 ilifufuka kwa nguvu, safari hii mikono mingi zaidi ikiwa ya wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa wamekwenda mijini kutafuta kazi.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao kuhusu wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha pia Makueni ya leo. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka kutoka kiasi cha 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 kufikia 1989, na bado mmomonyoko ulipungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikaongezeka takriban mara 3. Wataalamu wa nchi nyingi wameyasoma hayo. Hata neno letu la Kiswahili, fanya juu, yaani tuta linalochimbwa kwa kurusha udongo upande wa mlimani, limeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote bila kutafsiriwa.

Nikiri kwamba mwethya haukufanya yote hayo peke yake. Kulikuwa na kahawa, kulikuwa na soko la Nairobi lililo karibu, na kulikuwa na fedha zilizotumwa nyumbani na waliokuwa kazini. Lakini tuta halichimbwi na bei ya kahawa. Huchimbwa na watu wanaotazamiana. Jembe lilikuwa lile lile, mlima ule ule, watu wale wale. Walipoamrishwa walijifunza kukwepa. Walipoaminiwa walijifunza kutunza. Nawasihi walimu wenzangu waliweke hili akilini, kwa kuwa shule nazo zina amri zake na zina majembe yake.

Shule na majembe yake

Shule imelifanyia taifa hili mema mengi, na mengine hayamo katika silabasi. Imewafundisha watoto kufuata saa, kupanga foleni, kungoja zamu. Imemketisha Mkamba karibu na Mluo, Mkikuyu na Msomali katika dawati moja, jambo ambalo utui wa kale haukuweza kulifanya. Mtoto hutoka kwenye upendo wa mama, ambao haudai chochote, akaingia mahali ambapo yeye ni mmoja kati ya wengi na kanuni ni moja kwa wote. Hiyo ni hatua kubwa katika kukua.

Pamoja na hayo, shule imemtoa mtoto kwenye kazi ya wakubwa bila kumpa nyingine badala yake. Huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia. Akiwa shule ya bweni huonana na kijiji chake wakati wa likizo tu. Kwa miaka 12 au zaidi kazi yake kubwa ni kupita mtihani, na mtihani ni kazi ambayo kila mtu huifanya peke yake, karatasi yake ameifunika asije jirani akaiona. Siulaumu mtihani, kwani hatujapata njia bora ya kugawa nafasi chache kwa watoto wengi. Nauliza tu: je, saa za kujifunza kufaana ziko wapi katika ratiba yetu?

Hata pale shule inapotumia jembe, aghalabu hulitumia kinyume. Mwanafunzi aliyechelewa hupewa kipande cha nyasi afyeke. Aliyepiga kelele huchimba shimo la taka. Aliyesema lugha isiyoruhusiwa huosha vyoo. Kwa njia hiyo tunamfundisha mtoto kila juma kwamba kazi ya mikono ni aibu ya mkosaji, kisha anapomaliza shule twashangaa kwamba hataki kushika jembe. Kwenye mwethya jembe lilikuwa heshima. Mkosaji alitozwa faini au alinyimwa msaada, hakuadhibiwa kwa kazi ile ile waliyoifanya wema.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika waraka wake wa Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea alilalamika kwamba shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zilimtenga mtoto na jamii yake na kumfanya ajione bora kuliko wazazi wake wakulima. Akataka kila shule iwe pia shamba. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa jukumu lililopangwa na mwalimu, likasimamiwa na kiranja, na mavuno yake mwanafunzi asijue yamekwenda wapi. Ndiyo yale yale ya matuta ya machifu. Kazi peke yake hailei. Hulea kazi ambayo mtendaji amekuwa na sauti katika kuipanga na ameliona tunda lake.

Kyanguli

Sasa nafika kwenye jambo zito. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa kwa petroli wavulana wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Vijana 67 walipoteza maisha. Wengi wao walizikwa pamoja katika uwanja wa shule yao, na wanafunzi wawili wa shule hiyohiyo walishtakiwa.

Kyanguli haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Julai 1991 wasichana 19 walikufa katika shule ya St Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyo kuwavamia katika bweni. Mwaka 1999 viranja 4 wa shule ya upili ya Nyeri walichomwa na wenzao. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilishuhudia mioto, na Septemba 2017 wasichana 10 waliangamia katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi.

Mhalifu ni mhalifu, na sitaki kumtolea udhuru mtu aliyewasha kiberiti. Aidha, milango iliyofungwa na vyuma vya madirisha ni makosa ya watu wazima. Lakini swali linabaki, nalo ni letu sisi walezi. Vijana waliokula sahani moja na kulala chumba kimoja kwa miaka, walifikaje mahali pa kutoona kwamba aliye ndani ya bweni ni mtu wao? Na kwa nini wanafunzi wengi wa Kenya, kila wanapokuwa na lalamiko, hufikiria moto kabla ya kufikiria maneno?

Jibu langu ni kwamba kuishi pamoja hakuleti umoja. Hata mifugo katika zizi huishi pamoja. Wavulana wa bweni moja wanaweza kupitisha miaka minne bila hata siku moja kutegemeana kwa jambo lenye maana. Chakula chao hupikwa na mwingine, ratiba yao hupangwa na mwingine, kiongozi wao huteuliwa na mwingine, na kwa hiyo kiongozi huyo huonekana kuwa jasusi wa walimu. Msiba wa Nyeri ulituonyesha chuki hiyo inaweza kufika wapi. Wanafunzi hawana kikao ambamo wanaweza kusema jambo likaandikwa, likajibiwa, hata kama jibu ni hapana. Linganisha na watu wa 1938. Wao pia walikuwa na hasira, tena hasira ya haki, lakini walikuwa na mazoea ya kukaa, kusemezana na kuchagua msemaji. Mazoea hayo hayateremki kutoka mbinguni siku ya ghadhabu. Hujengwa polepole katika siku za amani.

Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka huohuo wa 2001, na ilifanya vyema. Ila tuliondoa fimbo tukasahau kuweka kitu mahali pake. Mwaka 2009 liliundwa baraza la wanafunzi wa shule za upili nchini ili viongozi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa. Hiyo ilikuwa hatua njema, na zipo shule zilizoipokea kwa moyo mkunjufu. Nyingine zimebadilisha jina tu. Kura hupigwa, kisha mwalimu huamua nani alishinda. Mwanafunzi anayeona hayo huwa amejifunza somo la uraia, ila si lile lililokusudiwa.

Nafasi iliyo mbele yetu

Nasema haya sasa kwa sababu tuna nafasi ambayo kizazi cha walimu waliotutangulia hawakuwa nayo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini 2019 unadai kwamba mwanafunzi atoe huduma kwa jamii, na huduma hiyo imehesabiwa kuwa sehemu ya masomo yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kitu kinachofanana na mwethya kimepewa kiti ndani ya darasa.

Nachelea kwamba kiti hicho kitakaliwa na kivuli. Tayari tunajua kinachoweza kutokea: wanafunzi hupelekwa sokoni wakiwa na sare safi, hufagia kwa nusu saa, hupigwa picha, na alama hujazwa. Hapo mtoto atajifunza unafiki, nao pia ni aina ya kuingia katika jamii.

Tufanye nini basi? Kwanza, kazi iwe ya kweli. Machakos haikosi kazi. Yapo makorongo yanayokula mashamba, zipo chemchemi zinazohitaji uzio, wapo wazee wasio na wa kuwatekea maji. Kundi la Utooni lililoanza 1978 kule Kola limejenga mabwawa ya mchanga pamoja na vikundi vya wanavijiji, nayo huhifadhi maji chini ya mchanga wa mito inayokauka. Mwanafunzi aliyebeba mawe ya bwawa kama hilo, kisha akaona maji yakitoka wakati wa kiangazi, hahitaji mhadhara juu ya manufaa ya umma.

Pili, kazi ifanywe pamoja na wanakijiji, wala isifanywe kwa ajili yao tu. Mtoto atakayechimba kando ya mama aliyezoea kuchimba atafunzwa mengi ambayo mwalimu hawezi kuyafunza. Atajua kwamba mama huyo asiye na cheti ana elimu.

Tatu, wanafunzi wenyewe wachague, wapange na watoe hesabu. Wakikosea, waachiwe wakosee katika mambo madogo. Pesa za mbegu zikipotea, waketi waulizane zimepotea vipi, na mwalimu awe msikilizaji. Afadhali kijana ajifunze hesabu ya shilingi mia tano akiwa na umri wa miaka 15 kuliko kujifunzia kwenye bajeti ya kaunti.

Wapo watakaonipinga. Wengine watasema muda hautoshi, mtihani unakaribia. Nawajibu kwamba shule iliyofungwa kwa sababu ya ghasia hupoteza majuma mengi zaidi. Wengine watasema huku ni kuwatumikisha watoto. Hofu hiyo ni ya haki, na mpaka uwekwe wazi. Kazi inayomlea mtoto humwachia muda wa kusoma na kucheza, hailipi mfuko wa mwalimu, na tunda lake huonekana na wote. Iliyo nje ya mpaka huo ni unyonyaji hata ikiitwa huduma. Wengine tena watasema maisha ya leo ni ya mjini. Kule Mlolongo na Syokimau jirani hamjui jirani, mwethya utafanyika wapi? Hapo ndipo unapohitajika zaidi. Mitaa ile ina mitaro ya kuzibuliwa, ina watoto wadogo wasio na wa kuwasomea hadithi. Na watu wazima wa mitaa hiyo wana vyama vyao vya kuweka akiba na kamati zao za matanga. Moyo haujafa. Umefungiwa tu katika vikao ambavyo vijana hawakaribishwi.

Kwa wanafunzi nina neno pia, kwa kuwa nimesema wao si udongo, na asiye udongo hulaumiwa na husifiwa. Msingoje mpaka muitwe viongozi wa kesho. Ukimwona mwenzako mgeni hana wa kula naye, kaa naye. Ukichaguliwa kuwasemea wengine, sema kwa ukweli mbele ya mwalimu na urudi na jibu kwa ukweli mbele ya wenzako. Ukisikia minong'ono ya kiberiti, jua kwamba kunyamaza ni kuchagua upande.

Nasi walimu na wazazi tuanze na jambo dogo muhula huu. Tuliondoe jembe katika orodha ya adhabu. Siku tutakapowakabidhi wanafunzi wetu jembe hilo kama tunavyomkabidhi mtu tunayemwamini, tukashika letu tukasimama kando yao, ndipo tutakapoanza kuwafundisha kuwa watu miongoni mwa watu.